Mwalimu Aliyekwepa Isale

Mwalimu wetu wa kwaya aliishi kwenye mteremko wa mlima mrefu kuliko yote Afrika, na aliogopa ngazi. Sisemi njia za kupanda kileleni. Nasema ngazi ya mbao, ile ya kuegemeza ukutani mtu apake chokaa. Akiikuta imesimamishwa mahali, alikumbuka shughuli upande wa pili wa nyumba. Kamba ya kengele ya kanisa ilipokatika, wazee wa usharika walipanda mnarani kuitengeneza, naye akabaki chini, shingo ameikunja nyuma, akiwaelekeza jinsi ya kufunga fundo ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Fundo lilipofunguka Jumapili iliyofuata, aliwaambia, "Mngenisikiliza."

Kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo lililozunguka nyumba, kulikuwa na mparachichi mkubwa kuliko yote ya upande wetu wa Old Moshi. Watu wengine walipanda miparachichi yao wakachuma. Yeye alikula yaliyoanguka tu, na aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba parachichi lililoanguka ndilo lililoiva. Kwa hilo alikuwa sahihi, ndiyo maana hatukumbana sana.

Siku moja nilimuuliza waziwazi.

"Mwalimu, hivi unaogopa kwenda juu?"

"Juu wapi, Mkubwa?" alisema. "Mimi niko juu tayari. Wenye haja ya kupanda ni watu wa Kahe, kule tambarare."

Aliniita Mkubwa tangu nilipobaki na wadogo zangu wawili, baba akiwa ametangulia na mama akamfuata. Jina langu alilijua vizuri, maana aliniimbisha siku ya kipaimara. Lakini alisema mtu mzima huitwa kwa kazi yake. Nami nitamwita kwa kazi yake.

Kazi ile haikuwa na mshahara, na aliifanya kana kwamba mbinguni wanamlipa kila mwisho wa mwezi. Alikuwa na kichuma cha kutolea sauti, mfano wa uma wenye meno mawili, ambacho alikigonga gotini kisha akakiweka sikioni kama mtu anayepokea simu ya mbali. Tulisubiri. Akiisha kuzungumza na huko alikozungumza, alitupa sauti, kila kundi na yake. Sauti ya kwanza aliwaita mabibi harusi. Sauti ya pili, ambayo ndiyo yangu, aliwaita wapishi.

"Bibi harusi wanamtazama," alituambia. "Lakini mpishi akikosea, harusi imekwisha."

Sikuwa na sauti nzuri na yeye alinieleza hivyo bila kuzunguka. Alisema ananiweka kwenye kwaya kwa sababu siyumbi. "Wewe ni kama jiwe la jikoni. Huna utamu wowote, lakini chungu hakianguki." Sikujua kama nimesifiwa. Nilikwenda nyumbani nikiliwaza jambo hilo njia nzima, na mpaka leo bado naliwaza kidogo.

Adui yake mkubwa alikuwa msimu wa watalii. Miaka ile wageni walipoanza kuja kwa wingi, vijana wenye mabega walikuwa wakiondoka kwenda kubeba mizigo mlimani, na wenye mabega ndio walioimba besi. Kila Julai kwaya ilibaki nyepesi kama chai ya mfiwa. Mwalimu alisimama mbele ya benchi tupu la besi akatikisa kichwa. "Mlima umenila tena," alisema. Vijana waliporudi wakiwa na midomo iliyopasuka kwa baridi na sauti zimekauka, aliwasimamisha mbele yetu.

"Mmeona nini huko?"

"Barafu, Mwalimu."

"Mimi nimeiona kila asubuhi nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu. Na sauti yangu hii hapa." Kisha aliimba mstari mmoja wa besi yeye mwenyewe ili waone aibu. Sauti ilikuwa nzuri kweli.

Mtu akinisikia hivi atadhani alikuwa mkali tu. Baada ya mama kuzikwa, watu walituletea vyakula, kama desturi ilivyo, kisha kila mtu akarudi kwenye shida zake. Mwalimu hakuwa ametuletea kitu wakati ule wa msiba. Alianza wengine walipoacha. Kila Jumamosi alikuja na mkungu wa ndizi begani, akautupa mlangoni kwa hasira.

"Hizi zimenizidi. Zitaharibika. Nisaidieni," alisema.

Niliziona ndizi zile, hazikuwa za kuharibika. Lakini alikuwa na namna ya kukufanya wewe uwe ndiye unayemsaidia, na ukimshukuru alikasirika. Alikaa kwenye benchi letu la nje, akamlaumu mdogo wangu wa kiume kwa kuimba puani, akalaumu paa letu, akalaumu na mbuzi. Kisha alitoa gazeti lililofungiwa sukari, akalinyoosha juu ya goti.

"Nisomee, Mkubwa. Macho yangu yamechoka."

Mimi niliacha shule mapema ili wadogo zangu wasiache. Kwa hiyo kila Jumamosi nilimsomea Mwalimu magazeti yaliyokwisha kuwa ya zamani, pamoja na madoa yake ya mafuta, naye alinisimamisha kila nilipokosea akanirudisha mwanzo wa aya. Tulisoma hotuba, bei za mazao, matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Tuliendelea hivyo miaka. Halafu jioni moja nilipita kanisani nikamkuta peke yake, mwanga umefifia, amefungua kitabu cha tenzi chenye herufi ndogo kama mbegu za ulezi, na anasoma bila miwani. Niliondoka polepole. Jumamosi iliyofuata macho yake yalikuwa yamechoka tena, nami nikasoma.

Kitu alichokipenda kuliko kwaya ni kahawa, na hakuwahi kuinywa. Yeye alikunywa chai ya maziwa, nyingi na tamu. Kahawa aliipogoa, aliipalilia, alipita katikati yake kila asubuhi akizungumza nayo kwa Kichagga, maana aliamini miti haijui Kiswahili. Lakini ukimkaribisha kikombe cha kahawa alikutazama kama umemkaribisha amle ng'ombe wake wa maziwa. "Ni ya kuuza," alisema. Hata miaka ilipofika haiuziki tena, aliendelea kusema ni ya kuuza.

Miaka hiyo sote tunaikumbuka. Bei ilianguka, dawa za kupulizia zikapanda, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, na vijana wakaanza kusema kwamba kahawa ni ugonjwa wa wazee. Aminieli, mtoto wa mwisho wa Mwalimu, alikuwa mmoja wa waliosema. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba, kwa hiyo Aminieli alikuwa akizungumzia kihamba kitakachokuwa chake. Mwalimu alikuwa akizungumzia kihamba ambacho bado ni chake. Walibishana mezani kila siku, na mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, aliwapakulia chakula katikati ya maneno.

Kisha Mwalimu alilazwa hospitali mjini kwa ajili ya mguu. Aliporudi, akishuka kwenye gari na fimbo, alikuta kahawa yote imekatwa, na chini ya migomba miche ya nyanya imepangwa kwa mistari iliyonyooka. Aminieli alikuwa amesimama pale na jembe, anatabasamu. Alidhani matokeo yatamtetea.

Mwalimu alitazama mistari ile. Alipita, akaingia ndani, akafunga mlango. Mvua za mwaka ule zilikuja na baridi, ukungu haukuondoka, nyanya zikapata ugonjwa wa baka, zikaoza zikiwa kijani. Baada ya hapo, siku moja, Aminieli alishuka mjini asirudi. Mwalimu hakulitaja tena jina lake. Akilazimika sana alisema "yule wa nyanya".

Sasa, kwetu hakuna atakayekuuliza uliishi wapi mwaka mzima, lakini Krismasi utaonekana nyumbani. Wa Dar huja, wa Mwanza huja, waliofungua maduka Zambia huja. Aminieli, aliyekuwa mjini hapo chini, mwendo wa asubuhi kwa miguu, hakuja. Mama Mwalimu aliweka sahani yake mezani kila Krismasi na Mwalimu aliiondoa kimya kimya, naye akairudisha, na hivyo ndivyo walivyosherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi.

"Mkubwa," aliniambia mama huyu, tukikata majani ya ng'ombe, "ugomvi wao siuwezi. Ninachotaka ni kumwona mwanangu anakula nyumbani kwake. Basi. Mpelekee baba yake isale."

Isale ni mmea wa majani marefu membamba unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi ya wazee. Aliyekosa huchuma jani lake, hulifunga fundo, na huliweka mikononi mwa aliyemkosea, akisindikizwa na mtu au kwa kumtuma mtu huyo. Ukishalipokea umesamehe. Na kulikataa huwezi. Wako waliowahi kulikataa, na mwisho wao husimuliwa kwa sauti ya chini.

Mwalimu alikuwa na msimamo kuhusu isale. Alisema ni mambo ya wazee, halimo katika katekisimu wala halimo katika tenzi. Alilisema hilo hadharani. Lakini hakukubali kubaki chumba kimoja na jani lile hata dakika moja. Hakulikataa, hakuna atakayesema alilikataa. Alihakikisha tu kwamba halimfikii.

Mara ya kwanza Aminieli alinitumia jani nikaenda nalo limefungwa ndani ya kanga. Nadhani ncha ilichungulia. Mwalimu aliniitikia shikamoo yangu vizuri, akanikaribisha kiti, akasema, "Ngoja nikamfungulie ng'ombe, nakuja." Nilikaa. Mama Mwalimu alinipa chai. Nikanywa nikamaliza, ndipo nilipokumbuka kwamba ng'ombe wa kwetu hafunguliwi. Anakaa bandani mwaka mzima, analetewa majani. Nilipokwenda nyuma nilimkuta ng'ombe peke yake, anatafuna, ananitazama kwa huruma.

Mara ya pili Mama Mwalimu alijaribu mwenyewe, wakati wa chakula, jani likiwa kwenye sinia chini ya sahani. Mwalimu alitokea mlangoni, akanusa, akasema leo atakula jikoni, amesimama, kwa ajili ya mguu. Mara nyingine nilimvizia njia ya mfereji wa maji, akatokea kwa jirani. Nikamvizia kwa jirani, nikasikia anaimba zizini.

"Kihamba hiki kina njia nyingi mno," Mama Mwalimu alisema. "Tumpate mahali penye mlango mmoja."

"Kanisani?"

"Kanisani kuna mlango wa mchungaji. Anaujua kuliko mchungaji."

Wakati huo mjini walikuwa wamemaliza kujenga hoteli ya ghorofa nyingi, ndefu kupita majengo yote ya Moshi, na watu waliiita Ghorofa tu, kana kwamba hakuna nyingine. Juu kabisa paliachwa wazi, pakawekwa meza na miavuli. Watu walishuka kutoka Kibosho, Marangu na kwetu siku za Jumamosi ili wapande lifti na kuuona mji wao kwa juu. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwenye jengo aliweka sharti: anayepanda anunue kinywaji. Kuanzia hapo watu walipanda wanne wakanunua soda moja.

Mimi nilikuwa nikiuza ndizi sokoni, nikapita chini ya jengo lile kila siku bila kuinua macho. Nilipanda kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Aminieli, ambaye alikuwa amepata kazi huko juu, mpishi. Nilipeleka salamu za mama yake. Lifti ilipofunguka nilishika ukuta kwanza, halafu nikasogea.

Mji niliodhani naujua ulikuwa mdogo na wenye miti. Paa la soko letu, ambalo nikiwa chini yake huliona kubwa kama mbingu, lilikuwa bati lenye kutu na matairi juu yake. Niliona mahali pangu pa kuuzia. Nilimwona mwanamke niliyemwachia ndizi zangu, akizungumza na mteja kwa mikono, na hata kwa mbali vile nilijua anapunguza bei. Kusini miwa ilikuwa kama zulia, na zaidi ya hapo Kahe ikiishia kwenye vumbi. Kisha niligeuka upande wa mlima.

Kulikuwa na Wazungu waliokuwa wameshuka mlimani jana yake, pua zimebabuka. Wao walitazama kileleni walikotoka. Watu wetu hawakutazama kileleni hata kidogo. Walitazama ule mkanda wa kijani chini yake, kila mmoja amenyoosha kidole, wakibishana.

"Pale ndipo kwetu."

"Pale ni Mbokomu, wewe."

"Hujui hata kwenu."

Aminieli alikuja na aproni yake, akasimama nami ukingoni. "Dada, unaona ile mikaratusi?" aliniambia. "Njoo kushoto kidogo. Ule moshi. Mama anachemsha maziwa."

"Huwezi kujua kwamba ni moshi wa kwenu."

"Najua siwezi," alisema. "Nimeamua tu uwe wa kwetu."

Nilikunywa soda yangu. Nilitazama pale juu palivyo. Pande zote ni hewa, lifti moja, na mlango mmoja wa ngazi. Ndipo nilipomkumbuka Mama Mwalimu na maneno yake.

Kumpandisha ndiyo ilikuwa kazi. Lakini mwaka ule kwaya yetu ilirekodi kanda, na Mwalimu, ambaye alituhubiria unyenyekevu kila Alhamisi, alitaka kava la kanda hiyo liwe na kwaya nzima ndani ya majoho na mlima nyuma yake. Mpiga picha alikuja kwetu na kamera, akazunguka siku nzima. Haikuwezekana. Ukiwa Old Moshi mlima hauingii kwenye picha. Uko chini ya miguu yako, na mbele yako kuna migomba.

"Lazima tushuke mjini," mpiga picha alisema.

"Tutasimama uwanjani," Mwalimu alisema.

"Nyaya za umeme zitawakata vichwa, Mwalimu. Labda tupande mahali."

Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mpiga picha. Mwalimu alinitazama, akatazama mparachichi wake, akaingia ndani. Alikaa siku kadhaa bila kulitaja jambo lile, woga na majivuno vikipigana ndani yake, na Mama Mwalimu akiyaombea majivuno. Majivuno yakashinda.

Siku ya picha alikataa lifti. "Sanduku linalopanda lenyewe siingii," alisema, akashika ukuta wa ngazi. Kwenye kila ghorofa alitusimamisha tuimbe ubeti mmoja, eti ni kwa ajili ya kufungua kifua. Wageni wa hoteli walifungua milango yao kutazama watu waliovaa majoho ya buluu wakimwimbia Bwana penye vyumba vya kulala. Tulimwacha afungue kifua chake mpaka tukafika.

Juu hakusogea ukingoni. Alisimama katikati kabisa, mkono kwenye mti wa mwavuli, akauliza mlima uko wapi. Haukuwepo. Ilikuwa saa sita, na kila mtu wa Moshi anajua kwamba saa sita mlima umekwisha kujifunika, lakini katika kupanga kwangu kote nilikuwa nimesahau mlima.

Uso wake uling'aa. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

"Mkubwa," alisema, "umenipandisha mpaka hapa nitazame wingu. Wingu hili nyumbani linaingia mpaka jikoni."

Mpiga picha alisema wingu litafunguka, tujipange. Tulijipanga mistari mitatu, migongo kwenye wingu. Mwalimu aliuachia mti wa mwavuli kwa shida, akaja mbele yetu, akatutazama. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mstari. Nilikuwa mlangoni pa ngazi, na Aminieli alikuwa kando yangu na nguo zake nyeupe za jikoni, isale mikononi.

Tulitembea. Mwalimu alituona. Alitazama mlango wa ngazi, lakini tulikuwa tumetoka huko. Alitazama lifti, akakunja uso. Alitazama kulia na kushoto, ambako palikuwa na anga tu na ndege. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: aliinua mikono yote miwili juu, kama anavyofanya kabla ya wimbo, akaishikilia huko. Mikono iliyo hewani haiwezi kupokea kitu.

"Wimbo wa kwanza," alisema. "Sauti zote."

Hakuna aliyeimba. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye tulisahau kumweleza, alianza peke yake, akaguswa kiwiko, akanyamaza.

"Nimesema sauti zote."

Besi walitazama viatu vyao. Maisha yake yote alikuwa akiinua mikono ile watu wanaimba, na sasa aliishikilia tu.

"Shikamoo, baba," Aminieli alisema.

Shikamoo ina jibu moja na Mwalimu hakulitoa. Alitazama jani, si mwanawe. Nilianza kuwaza nitamwambia nini Mama Mwalimu.

"Uliikata ikiwa na maua," Mwalimu alisema.

Miaka yote ile tulikuwa tumebishana juu ya bei, juu ya heshima, juu ya nani mwenye kihamba. Hakuna aliyewahi kufikiria maua. Kahawa ikichanua inakuwa nyeupe yote kwa muda mfupi, na harufu yake huingia mpaka kwenye blanketi.

"Ndiyo, baba," Aminieli alisema. "Ilikuwa na maua. Niliyaona, na nikakata."

"Nilipofika harufu ilikuwa bado ipo. Imelala chini." Alisema polepole, mikono bado juu. "Ungesubiri ianguke yenyewe."

"Sikusubiri, baba. Nisamehe."

Mikono ilishuka. Sijui kama aliishusha yeye au ilichoka. Ilishuka mpaka usawa wa kifua, na Aminieli akaweka jani juu yake, na vidole vikafunga. Mwalimu alilikunja akalitia ndani ya joho, mahali anapoweka kile kichuma chake.

"Marahaba," alisema. Kisha, baada ya kukohoa: "Hawa unawapikia nini?"

"Chips, baba. Na Alhamisi mtori."

"Mtori? Wazungu wanakula mtori wetu wa ndizi?"

"Wanakula. Wanaomba tena."

"Unaweka nyama ya kutosha?"

"Naweka."

Mwalimu aliwaza hilo. Halafu alitazama chini, akaona sakafu inapoishia, na nadhani ndipo alipokumbuka yuko wapi. Alinyoosha mkono kutafuta mti wa mwavuli. Aminieli alimshika kwapani.

"Nishushe," Mwalimu alisema. "Kwa ngazi. Na usiniachie."

Wakaenda. Tuliwasikia ghorofa baada ya ghorofa, fimbo na viatu, na safari hii hakuna aliyefungua kifua. Nilisogea ukingoni nikatazama chini. Walitokea barabarani, wadogo, mmoja wa buluu na mmoja mweupe na kofia yake ya jikoni, wameshikana mkono. Nilidhani watasimama hapo mlangoni. Hawakusimama. Walivuka, wakapita kwa muuza miwa, wakashika njia ya kwenda kwenye magari ya Old Moshi. Nyuma yangu mhudumu alikuwa akiuliza mpishi yuko wapi, kuna watu wameagiza.

Mama Mwalimu hakuwa amekuja mjini. Alisema moyo wake hautaweza ngazi zile. Alibaki nyumbani, na alipika chakula cha watu watatu.

Picha hatukupiga tena. Mpiga picha alikuwa amepiga moja tu, wakati wa kimya kile, na hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye kava. Mwalimu hamo. Mlima haumo. Ni kwaya yenye majoho mbele ya wingu, na watu wote, mistari yote mitatu, wamegeuza vichwa upande mmoja, midomo imefungwa, baadhi wanalia. Kanda iliuzika. Waliinunua hata Arusha, na kila mtu aliuliza kwaya ile inatazama nini.

Miaka yake ya mwisho nilikwenda kumsalimu. Alikuwa amekaa nje na blanketi magotini, na kutoka jikoni nilimsikia mke wa Aminieli akimkemea mtoto. Nilimwambia kwamba watu bado wananiuliza kuhusu kava lile, na sijui niwajibu vipi.

"Waambie wanatazama mlima," alisema.

"Mwalimu, mlima uko nyuma yao."

Alifumba macho, akafikiri.

"Basi waambie ni watu wa Old Moshi," alisema. "Mlima wameuzoea."